Milki za makabaila wa Ulaya: bwana alimiliki nini hasa, na nyarubanja inaingia wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi mtu wa Bukoba ila nipo Dar kikazi. Shuleni tulifundishwa ukabaila, tukaambiwa nyarubanja ya kwetu (mukama, yaani mtawala wa jadi, kumpa mtu wake ardhi yenye wakulima ndani), ubugabire wa Buha (kupewa ng'ombe na mkubwa kwa masharti ya kumtumikia), umwinyi wa pwani na zile milki za mabwana wa Ulaya vyote ni kitu kimoja. Juzi nimebishana na jamaa ofisini, ye anadai bwana wa Ulaya alikuwa na hati ya kila kitu, ardhi, nyumba, watu, mpaka usiku wa kwanza wa bibi harusi ulikuwa wake, na mkulima alikuwa mtumwa tu. Tumewekeana kreti ya soda. Ukweli ni upi, na hizo milki zilikufaje?

Jibu:

Marahaba kijana. Kreti nzima kisa makabaila, basi ngoja nijibu kwa kirefu asije mtu akasema nimependelea. Nitaongelea Uingereza, kwasababu huko ndo makaratasi yamebaki mengi, vitabu vya mahesabu, kumbukumbu za mabaraza, mpaka idadi ya kuku waliokufa, na pia ukisema "Ulaya" kwa mkupuo utakosea tu, manake Urusi kwa mfano sheria ya 1649 ndo iliwafunga watwana (wakulima wasioruhusiwa kuiacha ardhi ya bwana) kabisa kwa mabwana zao wakati Uingereza utwana ulikuwa umeshajifia, na Warusi hao wakaja kuachiwa 1861.

Tuanze na hiyo hati, hapo jamaa yako ameteleza vibaya. Bwana wa Kiingereza hakuwa anamiliki ardhi kwa maana tunayoielewa sisi tukienda kununua kiwanja Kigamboni. William alipoiteka Uingereza 1066 alihesabu ardhi yote ni yake, akawagawia wakubwa wake kama mia mbili hivi pamoja na kanisa, wale wakubwa nao wakawakatia askari wao wapanda farasi, na kila mmoja akawa anashika ardhi kutoka kwa aliye juu yake kwa masharti, yaani we unapewa milki hii ila vita ikitokea unaleta wapiganaji idadi fulani na farasi wao na silaha zao. Ukimsaliti mfalme unanyang'anywa. Ukifa, mwanao analipa kwanza ndo aingie. Kwahiyo hata bwana mkubwa mwenye ngome na vijiji mia alikuwa mpangaji wa mtu. Na sisi tunayo yetu inayofanana kidogo, sheria ya ardhi ya 1999 inasema ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini, we unachopata ni haki ya kuitumia, hati yako ya miaka 33, 66 au 99, na hilo wazo la haki ya kutumia Waingereza walishaliweka Tanganyika kwenye sheria yao ya 1923. Sisemi Rais ni kabaila, msinitafutie matatizo. Nasema usishangae kusikia mtu ana ardhi kubwa ambayo kisheria si yake.

Sasa Krismasi ya 1085 William yuko Gloucester akaamuru nchi ikaguliwe, 1086 maofisa wakapita kila wilaya wakiuliza, na majibu yakaandikwa kwenye kitabu kinaitwa Domesday Book, sehemu zaidi ya 13,000. Utategemea kukuta ekari na mipaka. Unachokuta ni plau ngapi zinalima hapa, watwana wangapi, watumwa wangapi, kinu cha maji kinaingiza kiasi gani, msitu unalisha nguruwe wangapi. Mfalme alikuwa anagawa watu pamoja na udongo wao, na hesabu ilianzia kwa watu. Ardhi tupu ilikuwa pori tu, haimlishi bwana wala farasi wake, na hilo ukilishika mengine yote yatakaa sawa yenyewe, hasa tukifika kwenye kifo cha huo mfumo.

Na umeona hapo, watwana na watumwa wanahesabiwa mbalimbali. Watumwa wa kununuliwa na kuuzwa walikuwepo kweli, kama mtu mmoja katika kila kumi walioandikwa, na karne moja hivi baadae walikuwa wameshapotea, mabwana waliona ni nafuu kumpa mtu kibanda na kipande cha shamba ajilishe mwenyewe halafu aje kukufanyia kazi kuliko kumlisha mwaka mzima. Mtwana basi ni mtu mwenye nyumba, mke, watoto, ng'ombe wawili watatu, na shamba linalorithiwa. Bwana hawezi kumuua wala kumkata kiungo, akifanya hivyo anajibu kwa mfalme. Ila hawezi kuhama bila ruhusa, na ugomvi wake na bwana kuhusu ardhi hawezi kuupeleka mahakama ya mfalme, unaishia kwenye baraza la bwana mwenyewe. Karne ya 13 abate, yaani mkuu wa nyumba ya watawa, wa Burton aliwaambia watwana wake kwamba kwa sheria hawana kitu chochote isipokuwa matumbo yao. Kisheria alikuwa sahihi. Kiutendaji wale wale watwana walikuwa wanauziana vipande vya ardhi, wanakopeshana, wanarithishana, na abate anachukua faini kila hatua, sa kama hawana kitu hiyo faini inatoka wapi.

Nikuchoree milki ya kawaida ilivyo, hasa kule katikati ya England. Katikati kuna kijiji, kanisa, nyumba ya bwana na maghala yake. Kuzunguka kijiji kuna mashamba mawili au matatu makubwa ya wazi, hamna uzio, na kila shamba limechanwa vipande virefu vyembamba mamia kwa mamia. Mkulima mwenye ekari 30, huyo ni mtu mzito kijijini, hana ekari 30 sehemu moja, ana kipande hapa, kingine kule bondeni, kingine kwenye kilima, amechanganyika na majirani na mara nyingi na vipande vya bwana mwenyewe. Mwaka huu shamba moja lina ngano, la pili shayiri na maharage, la tatu limepumzika na mifugo ya kijiji kizima inakula humo na kuacha mbolea. Hiyo inamaanisha huwezi kujiamulia, ukichelewa kuvuna ng'ombe wa wenzako wataingia, kwahiyo kijiji kinapanga pamoja lini kulima na lini kufungulia mifugo. Kipo kijiji kinaitwa Laxton, Nottinghamshire, mpaka leo wanalima hivyo, na kila mwaka wajumbe wa baraza wanatembea shambani kukagua nani amekula mpaka na plau yake, wakikukuta unalipa faini.

Hapa nina habari itakayokufurahisha. Hii ekari tunayoitumia, ile ya hatua 70 kwa 70, imetoka kwenye vile vipande. Ekari ilikuwa eneo ambalo plau moja na maksai wake wanalilima kwa siku, na haikuwa mraba, ilikuwa ndefu kama mita 200 kwa upana wa mita 20, kwasababu kugeuza plau nzito inayokokotwa na maksai nane ni shughuli, unataka ugeuze mara chache iwezekanavyo. Kwahiyo dalali akikuonyesha ekari Chanika anakuonyesha siku moja ya kazi ya mtwana wa Kiingereza na maksai wake, na wote wawili hawajui.

Katika hiyo ardhi yote ya kulima, kama theluthi moja hivi ilikuwa shamba la bwana mwenyewe, mavuno yanaingia ghalani kwake. Nani analima? Ndo hapo. Mtwana mwenye ekari 30 anadaiwa siku mbili au tatu kila wiki za kazi bure, shokoa kabisa, anakuja na maksai wake na plau yake. Wakati wa mavuno zinaongezwa siku nyingine juu, na siku hizo bwana lazima alishe watu, zikawa na majina kabisa, kuna ya mvua na ya kavu, ya mvua ni ile yenye pombe na ya kavu mnakunywa maji. Watu walijua haki zao hapo, desturi ilisema mkate wa ukubwa gani, samaki au nyama, na bwana akileta mkate mdogo wanasusa na kesi inaandikwa barazani. Na sio mavuno ya kutisha, unapanda gunia moja la ngano unavuna kama manne, moja linarudi kuwa mbegu, sehemu ya kumi ya kila kitu inaenda kanisani, mvua ikiharibu ni njaa. Bwana hakuwa analala njaa.

Anayesimamia haya yote kila siku sio bwana. Bwana mkubwa ana milki kumi, hamsini, zimetawanyika mikoa tofauti, anahamahama na watu wake akila mazao au yuko vitani, na kama ni askofu au chuo basi hayupo kabisa. Anayekaa pale ni mnyapara, na mnyapara ni mtwana vilevile, kachaguliwa kati ya wenzie. Kuna mmoja nampenda sana, Robert Oldman wa kijiji cha Cuxham, Oxfordshire, milki ya chuo cha Merton cha Oxford. Alikuwa mnyapara tangu 1311 mpaka 1349, mtwana anayesimamia shamba la wasomi kwa zaidi ya miaka 35, na kila mwaka lazima ajibu kila punje. Maksai wangapi, wamekufa wangapi, ngozi ziko wapi, mayai mangapi, misumari ya kuezekea shilingi ngapi. Wakaguzi wanapitia wanakata, hapa umeandika nyingi, hapa lipa mwenyewe. Mtu yeyote aliyewahi kuwa stoo kipa anajua maisha hayo. Na kama kazi ingekuwa haina chochote ndani yake asingekaa miaka 35, tusidanganyane.

Sasa baraza. Mi naona nguvu ya bwana ilikuwa hapa kuliko kwenye ngome. Linakaa kila wiki chache, msimamizi mkuu wa bwana ndo mwenyekiti, watwana lazima wahudhurie, na karani anaandika kwenye ngozi. Umechelewa kazini, faini. Ng'ombe wako kaingia kwenye shayiri ya bwana, faini. Unataka kumpeleka mtoto shule awe padri, omba ruhusa ulipe, manake akiwa padri bwana kapoteza mfanyakazi. Baba akifa, bwana anachukua mnyama bora kuliko wote zizini, padri anachukua wa pili kwa ubora, halafu mtoto analipa tena ili aingie kwenye shamba la baba yake. Familia imefiwa Jumatatu, Alhamisi wamebaki na mbuzi.

Na binti akiolewa baba analipa. Hili ndo linatupeleka kwenye usiku wa kwanza wa bibi harusi. Hiyo ni hadithi. Tuna maelfu ya kumbukumbu za mabaraza, wanaandika mpaka mtu aliyemtukana jirani, na hamna kesi hata moja inayoonyesha bwana wa Kiingereza alikuwa na haki kama hiyo kisheria. Kilichopo ni hiyo ada ya ndoa, na sababu yake ni ya kimahesabu, binti akiolewa milki nyingine bwana anapoteza mikono yake na ya watoto atakaowazaa, akiolewa pale pale bado kuna hela ya kuchukua. Watu wa baadae waliotaka kuonyesha jinsi zama zile zilivyokuwa za giza wakaikuza hadithi. Sisemi mabwana hawakuwadhulumu wanawake, mwenye nguvu namna ile na asiye na pa kulalamika matokeo yake unayajua, nasema haki iliyoandikwa haikuwepo. Hapo jamaa yako ameumia.

Kabla ya kifo cha mfumo niongelee kusaga, kwasababu hiki kisa huwa nawasimulia wanafunzi wakisinzia. Kinu cha maji kilikuwa cha bwana, na mtwana analazimika kusaga humo na kuacha sehemu ya unga. Mtu akiwa na jiwe lake la kusagia kwa mkono nyumbani amevunja sheria. Mji wa St Albans ulikuwa chini ya abasia, yaani nyumba kubwa ya watawa, na wenyeji waligombana na maabate juu ya hilo vizazi na vizazi. Wakati wa abate Richard wa Wallingford, aliyeshika 1327 mpaka 1336, huyo alikuwa mtu wa hesabu, alitengeneza saa ya ajabu ya kuonyesha nyota, na yeye mwenyewe ni mtoto wa mhunzi, watu wakashindwa kesi na mawe yao ya kusagia yakakusanywa nyumba kwa nyumba. Unajua alifanya nini nayo? Akasakafia chumba cha kupokelea wageni cha abasia. Kila anayeingia anakanyaga mawe ya watu. Mwaka 1381 uasi ulipolipuka, karibu miaka hamsini baadae, wengi walioingia mle ndani hawakuwa wamezaliwa mawe yalipochukuliwa, ila walienda moja kwa moja kwenye ile sakafu, wakaing'oa, wakavunja mawe vipande na kugawana kama mkate uliobarikiwa unavyogawanywa kanisani Jumapili, kila mtu akaenda na chake nyumbani. Kiongozi wao William Grindcobbe alinyongwa mwaka huo huo.

Kwanini 1381? Turudi kwenye lile nililokwambia ulishike. Tauni iliingia Uingereza kiangazi cha 1348 kupitia bandari ndogo ya Dorset, na ndani ya mwaka mmoja unusu iliua kati ya theluthi na nusu ya watu. Mnyapara wetu Oldman aliondoka 1349. Ardhi iko pale pale, haikupungua hata hatua moja, waliopungua ni watu. Ghafla mtwana aliyebaki ana thamani, bwana jirani anamwambia njoo kwangu kazi mbili tu kwa wiki, hapana njoo kwangu nakulipa hela, na anatoroka usiku, na huyo bwana jirani ambaye bungeni anapiga kelele watoro warudishwe ndo huyo huyo kamficha. Serikali ikatoa amri 1349 na sheria 1351, mshahara usizidi wa 1346. We fikiria, nusu ya mafundi wamekufa halafu unaambiwa bei ni ile ile. Ikaja kodi ya kichwa juu yake, watu wakalipuka Juni 1381, wakaingia London, mfalme Richard wa pili ana miaka 14 tu, akawaahidi utwana umefutwa, Wat Tyler akauawa Smithfield mbele yake tarehe 15, na ahadi ikafutwa wiki chache baadae.

Kila walipopita walichoma zile ngozi za baraza. Nyumba ya bwana inaweza kuachwa ila karatasi zinatolewa nje zinachomwa, kwasababu humo ndo imeandikwa kwamba babu yako alikuwa mtwana. Halafu cheki historia ilivyo na vituko. Uasi ulishindwa lakini uhaba wa watu haukwisha, mabwana wakachoka kulima wenyewe, shamba la bwana likakodishwa kwa mtu mwenye uwezo, siku za shokoa zikageuzwa kodi ya hela, na mtwana akawa anapewa nakala ya mstari wake kwenye kumbukumbu za baraza kama ushahidi kwamba shamba ni lake kwa kodi fulani. Nakala ya ile ile ngozi babu zake walikuwa wanachoma! Wajukuu wakawa wanaitunza sandukuni kama hati. Utwana Uingereza haukufutwa na sheria yoyote, ukifika 1500 na kitu umebaki mabaki mabaki tu. Ila ule ushikaji wa ardhi kwa nakala ya baraza uliendelea mpaka sheria mpya za ardhi zilipoumaliza kuanzia tarehe 1 Januari 1926.

Haya, nyarubanja. Shuleni walikuweka karibu na ukweli ila sio pale pale. Kinachofanana ni kile cha msingi, mukama anampa mtu wake eneo ambalo tayari lina watu na vibanja vyao (mashamba ya migomba), na wale waliokuwa wanakaa kwa amani wanaamka ni watwarwa, yaani wapangaji, wa mtu, wanadaiwa sehemu ya mazao, pombe ya ndizi, kazi, na wakimuudhi wanaweza kutolewa. Hapo ni yale yale ya William, unagawa watu na udongo wao. Kisichofanana ni kilimo. Hamna lile shamba kubwa la bwana linalolimwa kwa zamu za wiki, hamna vipande vya pamoja, mgomba unakaa nyuma ya nyumba na familia inauhudumia vizazi, kwahiyo anachotaka mwenye nyarubanja ni sehemu ya matunda ya kazi kuliko siku zako za kazi. Na ilipokuja kahawa ya kuuza na wakoloni wakaanza kuandikisha, mambo yakawa makali zaidi, kwasababu mti wa kahawa ni hela, na anayemkimbia mwenye nyarubanja anauacha mti. Jirani yenu Buganda ilienda mbali kuliko hapo, mkataba wa 1900 ukawagawia machifu ardhi kwa maili za mraba, ndo jina mailo lilipotokea, na hizo zilikuwa na hati kweli, imepimwa, inauzika. Mtu wa mailo alikuwa na umiliki ambao bwana wa karne ya 13 asingeuelewa. Hiyo picha ya hati iliyo kichwani kwa jamaa yako inaifaa Buganda ya 1900 kuliko Ulaya.

Ubugabire nimeuruka makusudi, ule ulisimama kwenye ng'ombe, ukiuchanganya na ardhi unaharibu yote mawili.

Kuhusu soda, hati amekosa, usiku wa bibi harusi amekosa, mtumwa amepata nusu, maana mwanasheria wa karne ya 13 angemuunga mkono na mtwana mwenyewe angembishia. Alipe kreti, we umtolee chupa kadhaa.

Na nyarubanja ilifutwa kwa sheria ya bunge 1965, miaka 39 tu baada ya yule Mwingereza wa nakala ya baraza kuwekwa huru na shamba lake. Kama bibi yako bado yupo, likizo ijayo muulize kwao walikuwa wanampelekea nani pombe, na debe ngapi.